Bi Kanga na Neno la Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Naam, hata wakubwa wameitikia. Hadithi hii ina uji ndani yake, na uji hauchagui mtoto wala mzee. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, kulikuwa na Kanga, mjane mwenye vifaranga wengi. Wakimwita Bi Kanga. Alikuwa na kibanda cha uji chini ya mgunga, mbele ya nyumba yake. Uji wa mtama, wenye ndimu na pilipili manga. Kila alfajiri aliwasha moto, akakoroga. Koro-koro, koro-koro. Kibanda kile hakikuwa na mlango. Hakikuwa na ukuta. Lakini kila aliyekuja alipiga hodi, maana ndiyo adabu.

"Hodi."

"Karibu."

Basi wanakaa kwenye gogo, wanapuliza uji, wanasengenya wasiokuwepo. Sungura ndiye aliyekuwa hodari wa kusengenya. Bi Kanga aliwapenda wote, hata Sungura. Na uji ule ndio uliolisha vifaranga wake. Hakuwa na shamba. Hakuwa na kingine.

Ukaja ugonjwa. Ukaanza kwa Nyani: kho, kho. Ukahamia kwa Swala: kho, kho, kho. Wengine wakapona, wengine wakazikwa. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na siku ile ikalia. Mzee Ndovu, mkuu wa nyika, akatangaza: "Kila mmoja akae nyumbani kwake. Asiingie mtu nyumbani kwa mwenziwe, mpaka ugonjwa upite." Akamweka Ngiri alinde amri. Ngiri akasimamisha mkia, akaanza doria. Mnamjua Ngiri akipewa cheo.

Bi Kanga akapika uji. Hakuja mtu. Kesho yake akapika tena. Hakuja mtu, uji ukaganda. Siku ya tatu hakuwasha moto. Akachungulia kapu la mtama, akaona limebaki nusu, akaogopa.

Juu ya mgunga aliishi Mnana, fundi wa kusuka vikapu. Akainamisha kichwa. "Bi Kanga, leo sioni moshi."

"Nimkorogee nani, mwenzangu?"

"Hata mimi. Nasuka, natazama, nafumua."

 Mara wakasikia kwenye majani: kwaru, kwaru, kwaru. Alikuwa Mzee Kobe.

"Shikamoo, babu," akasema Bi Kanga. "Ngiri hajakuona?"

"Marahaba. Ameniona. Kaniuliza, mbona uko nje? Nikamwambia, niko ndani. Akanizunguka. Akanizunguka tena. Mwisho akaniacha nipite."

Mnana akacheka hata akakaribia kuanguka. Lakini Bi Kanga hakucheka. Alikuwa anaitazama ile nyumba inayotembea.

"Babu," akasema, "utanibebea uji?"

Akamfunga kibuyu cha uji wa moto mgongoni. Kobe akaenda hadi kwa Bi Pimbi, kikongwe wa kule majabalini. Kwaru, kwaru, kwaru. Jua likapanda, jua likashuka. Aliporudi alikuwa na majibu: "Bi Pimbi anashukuru. Ila anasema uji umechacha."

"Pole, babu. Kosa si lako. Kosa ni la uji."

Akafikiri sana. Kisha akaukaanga mtama, akausaga pamoja na karanga, ukawa unga laini usioharibika njiani. Mnana akasuka vifuko vya ukili. Lakini alipokuwa anasuka, akasema, "Mwenzangu, ukiwapa unga watapika wenyewe. Ugonjwa ukiisha, watakuhitaji kwa lipi?"

Neno lile lilimchoma Bi Kanga, kwa sababu alikuwa amelifikiria yeye kabla ya Mnana. Akawatazama vifaranga. "Ya kesho anayajua Mungu," akasema. "Hawa wanalia leo."

Kobe akabeba. Akapeleka huku, akapeleka kule. Kila mmoja akampa alichonacho: huyu karanga, yule kuni, yule mtama. Bi Kanga akapata, Mnana akapata, na Kobe hakulala njaa.

Sasa sikilizeni balaa lilipoingilia.

Siku hiyo Kobe alifika kwa Sungura. "Hodi."

Sungura, bila kufikiri, akajibu, "Karibu."

Kobe naye, bila kufikiri, akaingia. Akakaa. Akaulizia watoto. Na Ngiri, pua mlangoni mwa shimo la Sungura, anawatazama.

Wakapelekwa kwa Mzee Ndovu, kila mmoja akasimama mbali na mwenzake. Bi Kanga akaitwa pia.

"Kobe, kwa nini uliingia?"

"Nilikaribishwa, mkuu."

"Sungura, kwa nini ulimkaribisha?"

"Alipiga hodi, mkuu. Ningejibuje?"

Ngiri akakoroma. "Chanzo ni kile kibanda. Kivunjwe."

Bi Kanga akasogea mbele. Aliona moto wake umezimwa, aliona vifaranga wanaokotaokota jalalani. Akasema.

"Mkuu, amri yako ni ya haki, na ugonjwa tunauogopa wote. Hawa hawakukusudia. Mazoea yana taabu. Tangu tuzaliwe, hodi hujibiwa karibu, na ukikaribishwa usipoingia umemdharau mwenye nyumba. Usivunje kibanda changu. Tuvunje neno."

"Tuseme nini badala yake?"

Hapo Bi Kanga hakuwa amejiandaa. Akababaika, ka-ka-ka, kisha likamtoka: "Weka. Mtu akipiga hodi, ajibiwe weka. Aweke mlangoni, aende zake."

Mzee Ndovu akapepea masikio. "Na iwe hivyo," akasema. "Tena wasiishie kwenye unga. Nyuki ana asali imekaa, Mchwa ana udongo wa kufinyangia, nao wana watoto. Kobe, waite ndugu zako wote wenye nyumba mgongoni. Na wewe Ngiri, acha kuwazungukazunguka. Wasafishie njia."

Basi nyika nzima ikawa hivyo. Hodi. Weka. Hodi. Weka. Vibanda vidogo vikaponea hapo. Lakini niwaambie kweli, neno lile lilikuwa baridi. Bi Kanga alilisema kila siku, na kila siku lilimuuma.

Mvua zikaja, zikapita. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Mbiu ikalia tena: tokeni.

Alfajiri iliyofuata Bi Kanga akawasha moto. Akakoroga. Koro-koro. Gogo lilikuwa tupu. Jua likachomoza, gogo bado tupu. Akakumbuka aliyosema Mnana. Wanajua kupika sasa, akawaza, nimewafundisha kuniacha. Akaendelea kukoroga ili vifaranga wasimwone machozi.

Nyuma yake akasikia, "Hodi."

Bi Kanga, bila kugeuka, akajibu, "Weka."



"Niweke nini, shangazi?" Ilikuwa sauti ya Sungura. "Sina kitu. Nimekuja kujiweka mwenyewe."

Akageuka. Sungura yuko pale. Nyuma yake Bi Pimbi anakokota miguu, na Swala, na Mnana anashuka mtini, na Ngiri mwenyewe, mkia chini kwa haya. Wote wamesimama nje ya kibanda kisicho na mlango, hakuna aliyepiga hatua, wanangoja.

"Unga wako tunaupika," akasema Bi Pimbi. "Ila nyumbani hakuna wa kusengenya naye."

Bi Kanga akalitafuta lile neno. Lilikuwa limekaa siku nyingi bila kutumika. Akalitoa.

"Karibuni."

Uji wa siku ile uliisha kabla ya jua kuwa kali. Na mchana Mzee Kobe akaja kuchukua vifuko, maana unga nao ulikuwa umepata wateja wa mbali, na Bi Kanga hakuuacha.

Mafunzo ni haya, wakubwa na wadogo: dunia ikigeuka, geuza kazi yako, usiitupe. Na jirani aliyekwama mbebee mzigo, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Hadithi yangu imeishia hapo, chunguni. Aliyebaki na njaa, apige hodi.