Nani Alimfundisha Binti Radi Kupiga Hodi

Sogeeni karibu, na mwenye maneno yake ayaweke kwanza, maana hadithi hii ikikatizwa siirudii. Mwishoni nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu aniambie "wote wana haki." Jibu hilo nimeshalichoka.

Palikuwa na marafiki watatu Tanga, Ngamiani, waliokuwa wakitengeneza gemu kwenye chumba cha uani nyumbani kwa Mama Zulfa. Shamsa alikuwa na mkono wa kuchora. Akikutazama mara moja tu, anakutoa kwenye karatasi mpaka kovu lako. Mbwana alikuwa na mwili: mateke, sarakasi, kuruka ukuta. Yeye ndiye aliyevaa zile nguo za kunasia mwendo akapigana na hewa, ili kompyuta imuige. Zulfa, mtoto wa nyumba ile, alikuwa na sauti, na akinong'ona chumba kizima kinanyamaza.

Gemu yao iliitwa Binti Radi, jina la shujaa wake. Ya kwanza haikupendwa, ya pili ikapendwa kidogo. Binti alikuwa akiingia, anapiga, anatoka, basi. Ya tatu ndiyo iliyoleta neema, na fitina ikaja nayo.

Katika hiyo ya tatu, Shamsa alimvua Binti mabuti yake ya chuma akamvisha makubadhi ya ngozi yenye nakshi nyekundu, mfano wa yale ya bibi yake. Wenzake walimcheka sana. "Shujaa wa makubadhi, shoga?" Zulfa alimwambia. "Atateleza huyo." Shamsa akakataa kuyafuta.

Siku ya kunasa mwendo, Mbwana alitakiwa aingie mlangoni akirusha teke. Lakini sakafuni palikuwa na mkeka wa Mama Zulfa, na kwa Mama Zulfa hukanyagi mkeka na viatu. Basi bwana yule alikuja mbio, akasimama ghafla, akainama, akavua viatu, akavipanga sambamba, ndipo akarusha teke lake. Kompyuta ikanasa vyote. Wenzake walipotaka kukikata kile kipande, akasema, "Kiacheni. Mimi nimelelewa."

Ikafika zamu ya Zulfa kutia sauti. Alikuwa ameandikiwa ukelele wa vita. Alipoona kwenye skrini Binti ameinama, makubadhi yamepangwa mlangoni kwa adui, ukelele ukamtoka kichwani. Akasema taratibu, "Hodi." Walioicheza gemu ile watakwambia mwili uliwasisimka, kwa sababu hakuna aliyetarajia kupigwa na mtu mwenye adabu hivyo.

Studio moja ya Japani ikaipenda, ikaigeuza gemu kuwa katuni ya vipindi. Walichora upya kila kitu, wakabadilisha sura ya Binti, wakaweka sauti za kwao. Tukio lile tu hawakuligusa. Nao kwao viatu vinavuliwa mlangoni, wakaelewa. Makubadhi yakabaki ya Shamsa, kuinama kukabaki kwa Mbwana, na "Hodi" ikabaki kwa Kiswahili, kwa sauti ya Zulfa mwenyewe. Watoto mtaani wakaanza kuvua ndala kabla ya kupigana.

Kipindi cha kwanza walikitazama pamoja sebuleni kwa Mama Zulfa, wamebanana kwenye kochi moja. Ingekuwa furaha. Lakini tukio lilipofika, Shamsa aliona kamera imeng'ang'ania mdomo wa Binti, roho ikamuuma. Zulfa aliona makubadhi yamejaa skrini nzima, akasonya. Mbwana aliwasikia majirani dirishani wakisifu sauti, wakasifu viatu, na hakuna aliyesema chochote juu ya mgongo ule unavyoinama. Akaenda jikoni kunywa maji, na wala kiu hakuwa nayo.

Kijicho kikaanzia hapo. Halafu studio ikatuma ujumbe kwenye simu ya Zulfa, ambayo ndiyo waliyokuwa wakiitumia kwa mambo ya kazi. Msimu wa pili, kila kipindi kitafunguliwa na jina la aliyebuni tukio la Hodi, peke yake kwenye skrini. Jina la mtu mmoja, ndio utaratibu wao. Wasipolipata kabla ya Ijumaa, wataandika la mchoraji wao wa huko huko.

"Bila makubadhi yangu angevua nini?" Shamsa akauliza.

"Makubadhi yalikuwa miguuni mwake tangu mwanzo wa gemu," Mbwana akajibu. "Nani aliyatazama kabla sijayavua?"

"Mtu anavua viatu hata akienda kulala," Zulfa akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba pale ni mlangoni kwa mtu."

Wakamwita Mama Zulfa aamue. Akawasikiliza wote, akatengeneza mtandio wake, akasema, "Mkeka ni wa nani? Na huyu Zulfa, kupiga hodi kafundishwa na nani? Andikeni jina langu." Nanyi msicheke, maana mama hakuwa anatania. Wagombea sasa wakawa wanne, na mwamuzi hakuna.

Mabishano yaliendelea mpaka chai ikapoa vikombeni. Mwisho Shamsa akatoa lililokuwa rohoni. "Kama si langu, basi liandikwe la huyo Mjapani. Yeye simjui, hataniuma. La Zulfa nitalitazama kila wiki nikiwa nimekaa naye kochi moja."

Mngedhani wenzake wangemshangaa. Zulfa aliinamisha macho. Mbwana alijikuna shingo. Mama alikusanya vikombe. Neno lile kila mmoja alikuwa ameshaliwaza kabla yake.

Leo ni Alhamisi. Simu iko katikati ya mkeka, wanne wameizunguka, viatu vyao vimepangwa vizuri mlangoni. Hakuna anayeigusa.

Haya, simu hiyo nawapa ninyi. Aliyevisha makubadhi, aliyeyavua, aliyepiga hodi, au mwenye mkeka: mnaandika la nani? Na wewe unayetabasamu hapo pembeni, usikimbilie kujibu. Niambie hili kwanza: ungekuwa mmoja wao, na jina lisiwe lako, ungeandika la mwenzako, au ungenyamaza mpaka Ijumaa ifike?