Wajina wa Binti wa Zawena

Sogeeni karibu. Mwenye masikio ayatege, mwenye ubishi aufunge kwenye pindo la nguo, atauhitaji mwishoni. Nina wanawake watatu, safari moja ya daraja la tatu, na mtoto asiye na jina.

Wa kwanza ni Sikudhani, mwalimu wa Morogoro. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Ukimwambia neno leo, baada ya miaka ishirini atakurudishia vilevile, na mahali ulipovuta pumzi. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache sana.

Wa pili ni Hidaya, Mzaramo wa Kisarawe, mpika vitumbua. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Hidaya alizunguka nchi nzima kwa nauli ya kwendea sokoni, maana kila alikofika alimkuta mjomba, shemeji au mtani, na asipomkuta alimtengeneza papo hapo.

Wa tatu ni Mashavu, fundi cherehani wa Tanga, na huyu ndiye tutakayemfuata unyounyo. Kipaji chake kilikuwa mikono. Kitu kikichanika au kikikatika, mpe Mashavu na sindano yake. Alikuwa ameolewa mara mbili, na mara zote mbili hakujaaliwa mtoto. Hilo nalo lishikeni.

Hawa watatu, pamoja na mwenzao Zawena, walilala kona moja ya bweni miaka minne, wakala maharage ya wadudu sahani moja, kisha maisha yakawatawanya. Miaka ishirini ikapita kwa salamu za sikukuu.

Kiangazi kimoja, mwezi wa Juni, Mashavu akapata ujumbe kwenye simu, kutoka namba asiyoijua: "Ni mimi Zawena. Nimepata binti. Anatolewa nje Ijumaa ya arobaini yake. Njoo, jina ni lako kama nilivyokuahidi."

Mashavu aliusoma amesimama, akaumalizia amekaa. Siku moja bombani, wakifua sare, Zawena alimwambia, "Nikizaa binti, atakuwa wajina wako." Kumbe hakusahau! Mwanamke ambaye jina lake lingekwenda naye kaburini, sasa jina hilo lingeitwa uani kwa watu: Mashavu, njoo ule! Mashavu, acha utundu! Alishona kigauni cheupe, na ndani ya ukosi akatarizi herufi saba: MASHAVU.

Tatizo likawa moja. Zawena hakusema yuko wapi, na ile namba haikupatikana tena. Ikambidi Mashavu awatafute wenzake. Habari ya jina akaifumbata.

"Zawena?" alisema Sikudhani. "Kidato cha pili, Jumapili, alitusomea barua ya shangazi yake. Shangazi alisema kijiji chake kitakuja kuwa cha Zawena, maana hana mwingine wa kumwachia shamba. Nakifahamu, na hayuko kwingine. Tukutane Morogoro, nitawapeleka."

Wakapanda treni, viti vya mbao, kapu moja la mihogo ya kukaanga kwa watu watatu. Loo, walivyocheka! Mpaka Dodoma mbavu zilikuwa zinauma. Ndipo Hidaya, mdomo umejaa muhogo, akasema, "Sasa nikafike nimwone huyo wajina wangu."

"Wajina wako?" akauliza Sikudhani. "Wajina wangu mimi! Aliniahidi."

Gere ikampanda Mashavu. Huyu Sikudhani ana watoto wanne, na mpwa wake mmoja ameshaitwa Sikudhani. Huyu Hidaya ana mwana, ana mume, ana jina linalojulikana kila stesheni. Wanataka na hiki kimoja? Alilivuta begi lake, akalikumbatia. Kutoka Dodoma mpaka Tabora marafiki wa zaidi ya miaka ishirini waliongea habari za vumbi tu.

Kupita Tabora, Sikudhani alipoona hana budi, akataja: kijiji kinaitwa Mwambale, unashukia Urambo, unafuata barabara ya mashamba ya tumbaku. Kama si kumbukumbu yake, wangekuwa mpaka leo wanauliza watu njia ya kwa Zawena.

Ijumaa asubuhi wakashuka Urambo. Gari la kwenda Mwambale hakuna, ni mpaka siku ya gulio. Palikuwa na lori la magunia, na dereva wake, Mihayo, Mnyamwezi, akatikisa kichwa. Habebi abiria.

Hidaya akamtazama juu mpaka chini. "Mnyamwezi wewe! Babu yako alikuja Pwani na mzigo kichwani, babu yangu Mzaramo akampa maji ya kunywa, leo unaninyima kigari hiki kinachokohoa? Sogea huko!" Akafungua mlango, akapanda, akakalia kiti cha dereva, akashika usukani. "Nashuka siku ya kiyama."

Mihayo alicheka hadi akashika magoti. "Mtani hakataliwi. Pandeni." Kisha akawaambia jambo lililowatoa jasho. "Kwa kina Zawena napajua, kaolewa hapo hapo kijijini kwa shangazi yake. Mama mkwe wake hana mchezo. Ukoo wao, mtoto akitolewa nje, wajina wake awepo amtaje kwa mdomo wake. Adhuhuri ikifika hayupo, mtoto anachukua jina la bibi."

"Bibi anaitwaje?"

"Tabu."

Kama si ulimi wa Hidaya, wangesikia mtoto ameshaitwa Tabu wakiwa bado wamekaa stesheni. Lakini Hidaya alikaa mbele na dereva, na kila kijiji walichopita alitoa kichwa dirishani akajitangaza: "Mimi ndiye wajina!" Mashavu, juu ya magunia pamoja na Sikudhani, alisikia kila neno.

Katikati ya msitu lori likapiga kelele, likatoa moshi, likasimama. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika vipande viwili, na Mihayo hakuwa na mwingine. Jua lilikuwa linapanda. Mara ikapita pikipiki yenye nafasi ya mtu mmoja.

Mashavu aliruka chini kabla wenzake hawajafumbua mdomo. "Natangulia nikawazuie," akasema, akapanda.

"Nenda shoga!" Hidaya akamwitikia. "Mwambie Zawena tunakuja! Mwambie tunampenda!"

Sasa niwaambie ukweli. Mashavu hakuwa anakwenda kumzuia mtu. Alikuwa anakwenda kusema wenzake wamekwama, kisha kuinama juu ya mtoto na kutaja herufi zake saba. Pikipiki ikafika kwenye kona. Nyuma yake Hidaya bado anapaza sauti, "Mwambie tunampenda!" Mashavu akapeleka mkono ndani ya begi, akagusa kigauni, na pembeni ya kigauni akagusa mkebe wa sindano.

"Nirudishe," akamwambia mwenye pikipiki.

Alirudi bila kumtazama mtu machoni. Akaikata mikanda miwili ya begi lake, ile migumu ya turubai, akaikunja pamoja, akaipima kwa ule mkanda uliokatika, akaishona kwa uzi wa kushonea viatu, damu ikimtoka kidoleni. Mihayo akaifunga. Lori likakohoa, likaenda. Kama si mikono ya Mashavu, wangekuwa chakula cha nzi msituni.

Walifika Mwambale kivuli cha nyumba kikiwa kimebakiza shubiri kufika kwenye kinu. Kikigusa kinu, ni adhuhuri. Bibi Tabu alikuwa kizingitini na mtoto mikononi. Zawena aliwaona, akapiga yowe, akawakumbatia wote watatu kwa mkupuo mmoja.

"Kulia baadaye," alisema bibi. "Wajina ni yupi?"

Zawena akainamisha kichwa. "Mama, niliwaahidi wote. Kila mmoja nilimwambia alichopenda kusikia. Na nilipotuma ujumbe nilituma kwa wote, maana sikuamini kama hata mmoja atakuja."

"Basi wajina ni yule aliyewafikisha wenzake. Aseme mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyejua njia," alisema Sikudhani.

"Njia bila gari?" alisema Hidaya. "Mimi ndiye niliyepata gari."

"Gari lililokufa," alisema Mashavu. "Mimi ndiye niliyelifufua."

Sikudhani akamgeukia. "Mashavu, ulipopanda pikipiki ulipanda na begi lako. Anayetangulia kuwazuia watu habebi begi."

Mashavu akasema, "Kweli. Nilitaka kuwaacha. Nikarudi. Na wewe ulituficha jina la kijiji mpaka tukapita Tabora, ili tusikutangulie. Hidaya naye alishajitangaza wajina vijiji vyote kabla mama mtu hajasema."

"Nia njema ni tabibu," alisema bibi Tabu. "Hapa sioni tabibu." Akakitazama kivuli. Kilibakiza upana wa kidole. Akamnyanyua mtoto. "Nasikiliza."

Mikono sita ikanyooshwa. Mashavu alimtazama yule mtoto, mashavu yake ya duara, na neno likampita moyoni kabla hajaliwahi: afadhali aitwe Tabu kuliko kuitwa Hidaya. Alilisikia, akaliogopa, lakini mikono hakuishusha. Na kwa jinsi wenzake walivyokuwa wanatazamana, sidhani kama neno hilo lilimpitia yeye peke yake.

Mimi naishia hapo kivuli kilipo, hakijagusa kinu. Yupo aliyeijua njia akaificha. Yupo aliyelipata gari akalifanya lake. Yupo aliyewakimbia wenzake, akageuka, na bila kugeuka kwake wasingefika. Mmoja ana wajina tayari, mmoja anajulikana kila mahali, mmoja hana wa kumwachia jina. Mtoto ni mmoja, na bibi anasikiliza.

Haya, fungueni mapindo ya nguo, toeni ubishi wenu. Wewe ungemtaja nani? Na kabla hujajibu: ungekuwa wewe uliyeachwa msituni juu ya magunia, pikipiki ikitokomea, bado ungemtaja huyo huyo?