Mwalishi Aliyemwalika Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nani?

Na mwalishi.

Na nani tena?

Tuambie wewe, bibi.

Haya, nawaambia. Na asiyetaka kusikiliza aende akalale sasa hivi, maana mimi leo sirudii neno.

Hapo kale palikuwa na mama mmoja, jina lake Mize. Kazi yake ilikuwa ualishi. Zamani harusi haikuwa harusi mpaka mwalishi apite mlango kwa mlango, abishe hodi, aseme kwa kinywa chake, "Wewe na walio ndani mwako mnaalikwa." Asiyefikiwa na mwalishi haji harusini, na kinyongo chake anaingia nacho kaburini.

Mize alikuwa na binti mmoja tu, Mwamvita. Binti akaposwa mbali, mji wa Kwa Mdoe, huko nyuma ya milima. Njia ya kwendea ni pori tupu. Ukitoka alfajiri unafika alasiri, kama miguu inakubali.

Wazee wa Kwa Mdoe wakamchukua binti mapema, wamweke ndani, asingwe kwa manukato, apambwe. Kisha wakatuma neno kwa mama yake: "Siku ya harusi tunataka watu saba wa kwao wasimame mlangoni petu kabla jua halijazama. Wasipofika, tutajua binti hana kwao. Na asiye na kwao, kwetu haolewi. Anakuwa kijakazi."

Mize aliposikia hivyo usingizi ukamruka. Akaingia njiani kualika. Huyu ana mgonjwa, yule anaogopa pori, yule miguu imevimba. Alibembeleza siku tatu mpaka akapata saba kamili.

Sasa siku ile ya tatu anarudi nyumbani, mvua inanyesha, amelowa, amechoka hata kichwa hakiinuki. Akaona pembeni mwa njia kibanda kinatoka moshi. Hakuangalia ni cha nani. Hakubisha hodi. Alipaza sauti tu huko huko njiani, "Wewe na walio ndani mwako mnaalikwa harusi ya mwanangu," akapita zake. Mdomo umezoea, watoto wangu. Mdomo ukizoea kitu haumngoji mwenyewe.

Basi, alfajiri ya safari wageni wakakusanyika. Mize akahesabu: mmoja, wawili, watatu, mpaka saba. Akahesabu tena. Wanane.

Wa nane alikuwa jibaba refu, kanzu nyeupe, kofia kubwa imeshuka mpaka shingoni. Amesimama kwa adabu, mikono mbele.

"Wewe ni nani, baba?" akauliza Mize.

"Mimi mwalikwa," akasema. "Ulipita kwangu siku ya mvua."

Upepo ukainua ile kofia kidogo. Kisogoni kulikuwa na mdomo mwingine, unatafuna, na hauna kitu ndani. Mize akajua. Ni zimwi.

Akasema, "Nautengua mwaliko wangu. Rudi kwako."

"Mwaliko hautenguliwi na mwalishi, mama. Lakini usiogope, mimi nina adabu zangu. Simli mtu bila kukaribishwa. Ila yule atakayetamka *karibu*, huyo ndiye chakula changu."

Mize alitamani kurudi ndani afunge mlango. Lakini akamwona mwanawe katika mawazo, amevuliwa kanga ya harusi, amepewa kinu na mchi wa watu wengine. Hakuwa na pa kurudi.

Akawaita wale saba pembeni. "Leo tunatembea bila adabu," akawaambia. "Mtu akila, ale kimya kama mbuzi. Lile neno la kuitia mtu chakulani, msilitamke. Hata mkisahau majina yenu, hilo msilisahau."

Wakaitikia wote. Wakaenda, wakaenda, wakaenda.

Jua lilipopanda, Bi Sikudhani akasikia njaa. Huyu alikuwa jirani yake Mize, mwanamke mkarimu, kwake hapaliwi mlango umefungwa. Akafungua kitambaa chake cha mihogo ya kuchemsha, akamega kipande. Akaona wenzake wanamtazama. Roho ikamsuta. Akasema, "Karibuni."

"Ahsante, nimekaribia," akasema zimwi. Kofia ikamvuka, ule mdomo wa kisogoni ukafunguka, na Bi Sikudhani hakuonekana tena, yeye na mihogo yake.

Wakabaki sita. Mize akawasukuma wenzake mbele. Akasema, "Twende." Wakaenda, wakaenda, wakaenda.

Adhuhuri, chini ya jabali, Mzee Mwinyimvua akakaa kupumzisha mgongo. Huyu alikuwa mtu mzima, wa kusomesha watu tabia njema. Akatoa kijaluba chake, kijikasha cha tambuu, akakunja jani la kutafuna. Mize akamwona, akamkimbilia, akamziba mdomo kwa kiganja. Mzee akakasirika, akauondoa mkono wa Mize.

"Mize, unaniziba mdomo mimi? Mimi nimekula na mtu gani nisimkaribishe? Kukaa na tambuu peke yangu siwezi. Sikufunzwa hivyo. Karibuni tambuu, jamani."

"Ahsante, nimekaribia," akasema zimwi.

Wakabaki watano. Mize akalia waziwazi sasa, huku anatembea. Watano hawatoshi. Hata akiwafikisha wote, hawatoshi, mwanawe ni kijakazi. Lakini akirudi, hata hao watano mwanawe hatawaona. Akasema, "Twende." Wakaenda, wakaenda, wakaenda.

Mvua ikawanyeshea. Wakaona kibanda cha kulindia shamba, wenyewe wamekihama. Pazi akatangulia kuingia. Pazi alikuwa mdogo wake Mize, tumbo moja, mjomba wa bibi harusi. Tangu alfajiri alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni asije akasahau. Humo ndani akakifungua akikamue maji, mgongo ameupa mlango.

Nje mtu akasema, "Hodi."

Pazi akajibu, "Karibu."

Nani kati yenu asingejibu? Nyamaza wewe, ungejibu.

"Ahsante, nimekaribia," akasema zimwi.

Wakabaki wanne. Mize akakaa matopeni. Hakusema twende. Alimtazama zimwi, akamwambia, "Umemla ndugu yangu kwa hila."

"Nilibisha hodi," akasema zimwi, anajifuta. "Wewe kwangu hukubisha."

Mize akauliza kwa sauti ndogo, "Hakuna awezaye kukufukuza?"

Zimwi limeshiba, na aliyeshiba husema mengi. Likacheka. "Yupo. Mwenye harusi akinifukuza mlangoni pake, mwaliko umekufa, na nilichokula kwa mwaliko huo nakitapika. Lakini ni nani atakayefukuza watu wa bibi harusi? Kule wanatungoja kwa ngoma, mama. Mji mzima utasema *karibuni* kwa pamoja."

Mize akawaza. Kweli, mji mzima. Na Mwamvita humo humo ndani.

Akainuka. Akasema, "Twende."

Alasiri wakaiona Kwa Mdoe. Ngoma zinalia, vigelegele vinapigwa, na mbele ya wote anakuja mwenye harusi, Mzee Shomvi, baba wa bwana harusi, mikono ameitanua na uso unacheka. Mize akaona mdomo wa mzee unaanza kufunguka.

"Funga mdomo wako, mzee ovyo," akapiga kelele Mize. "Mji gani huu, unanuka kama zizi la mbuzi?"

Watu wote wakacheka. Maana watu wa Kwa Mdoe na watu wa kwao Mize walikuwa watani tangu enzi za mababu, na kutukanana kwao ndiko kusalimiana.

"Mtani wangu umefika," akasema Mzee Shomvi, anajifuta machozi ya kicheko. "Kari..."

"Mwanao ana miguu kama mwiko," akasema Mize. "Ningejua, binti yangu ningemwoza nyani."

Wakacheka zaidi. Akina mama wakapiga vigelegele. Nyuma yake Mize akasikia ule mdomo wa kisogoni unasaga meno. Utani una mpaka wake, na Mize aliujua. Aliujua vizuri, na hakutaka kuuvuka. Mama yake Mzee Shomvi alikuwa amezikwa mwaka ule ule, na Mize mwenyewe alikuja kumlilia.

Akafumba macho. "Na mama yako," akasema, "alipozikwa hata ardhi ilimkataa. Ilimtema."

Ngoma zikanyamaza. Mzee Shomvi mikono ikashuka.

"Ondoka mlangoni pangu," akasema. "Wewe na wote uliowaalika. Hapa hakuna mgeni."

Zimwi likajikunja. Likashika tumbo. Ule mdomo wa kisogoni ukafunguka, akatoka Pazi, amelowa. Akatoka Mzee Mwinyimvua na kijaluba chake. Akatoka Bi Sikudhani, anauliza nani amemkanyagia mihogo. Watu wa Kwa Mdoe walipoona hayo ndipo wakajua mama wa watu alikuwa anatukana kwa nini.

Zimwi likarudi nyumanyuma mpaka mwanzo wa pori. Likasimama pale, likasema, "Hao wengine waiteni, ni wenu. Lakini huyo Mize ndiye aliyenialika. Siku akikaribishwa yeye katika mji huu, nimekaribishwa na mimi." Likaingia porini.

Basi wazee wakatoa mwalishi wao, akaja kuwaita wale saba mmoja mmoja kwa jina lake. Wakasimama mlangoni, wakahesabiwa, wakatimia. Mwamvita ana kwao. Akaolewa kabla jua halijazama.

Mzee Shomvi akamwendea Mize pale nje ya ua. "Nimeelewa kwa nini ulisema," akamwambia. "Lakini ulisema." Akarudi ndani. Mize hakumlaumu.

Akakaa chini, mgongo kwenye ua wa miti, anasikiliza harusi ya mwanawe. Wakati wa kula ulipofika, Mwamvita akatoka, hina mikononi, amebeba sinia la pilau. Akaliweka mbele ya mama yake. Mdomo ukamfunguka. Mama yake ndiye aliyemfunza tangu hajaota meno, chakula hakiwekwi mbele ya mtu kimya.

Mize akamtazama kwa hofu.

Mwamvita akaufunga mdomo. Akakaa chini pale pale mavumbini na nguo zake za harusi, akamega tonge la kwanza, akamlisha mama yake kwa mkono wake. Na ikawa hivyo hivyo miaka yote Mize alipokwenda kumwona: nje ya ua, kimya, mama na mwana.

Hadithi yangu imefika mwisho wa njia, mimi naitua hapa. Mafunzo yake ni haya: mwalike mtu ukiwa umemwona uso. Na adabu ni kitu kizuri, lakini itumieni kwa akili, msiiachie mdomo peke yake.

Haya, kanawisheni mikono mle. Na mtakula kimya.