Adhuhuri ya Abdirashid Machimboni

Wahenga walipotuonya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo, hawakuwa wakizungumzia kujifungua peke yake. Yule unayembeza leo, kesho huenda ukamhitaji kama mgonjwa anavyohitaji dawa. Bhoke alikuwa akiisikia tu methali hiyo, hadi siku ilipomfika kule Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu.

Tangu alfajiri alikuwa akiponda mawe kwa nyundo, na mikono ilimuuma kama jipu. Jua lilipofika utosini, zamu yake ya kusagiwa ikawadia. Ndipo Abdirashid, mwenye mashine ya kusagia mawe, alipozima injini na kuchukua birika la kutawadhia.

"Mzee, nisagie haya magunia mawili kwanza," Bhoke alisema. "Nimechoka."

"Ni adhuhuri, mama. Sitakawia."

"Kila siku adhuhuri. Huo ni uvivu tu, umeuvika kanzu."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Abdirashid alitandika mkeka nyuma ya kibanda, akaelekea kibla.

Bhoke alikuwa angali ananung'unika aliposikia mayowe kutoka shimoni. Maji yalikuwa yamebomoa ukuta wa chini, na mdogo wake, Mirumbe, alikwama humo, maji yakimfika kifuani. Pampu ilikuwapo, lakini injini ya kuizungusha ilikuwa moja tu: ile ya Abdirashid.

Alikimbia nyuma ya kibanda. Mzee alikuwa amesujudu. Bhoke angeanzaje, kwa kinywa kile kile kilichomtukana?

"Mzee," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mirumbe anazama."

Abdirashid aliikata sala. Alihamisha mkanda kutoka kwenye kinu cha kusagia hadi kwenye pampu, akaiwasha injini. Kwa karibu saa nzima yeye na Bhoke walipokezana kushikilia bomba, tope likiwafika magotini. Mirumbe alipovutwa juu kwa kamba, alikuwa akitetemeka, lakini hai.

"Nisamehe, mzee. Nilikutukana."

"Mtu akizama, sala hungoja," Abdirashid alijibu, akihema. "Sasa acha niianze upya."

Bhoke alimmiminia maji aoshe tope. Kisha akaketi juu ya magunia yake, hoi, akamtazama mzee akiinama na kuinuka kwa taabu, wala hakutamani amalize upesi. Hakika, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.