Moto wa Mzazi Hutoka Upande wa Pili

Hapo kale, mwanangu, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino, moto haukuombwa. Leo mtu akiishiwa kiberiti anavuka ua na kigae, anapewa kaa, anarudi anapuliza, basi. Zamani zile ilikuwa aibu. Kila nyumba hapa mlimani ilikuwa na moto wake, umerithiwa kwa babu, na ilisemwa kwamba moto wa nyumba mbili ukichanganywa utakula mapaa yote mawili.

Vijiji vilikuwa viwili, kama sasa: Juu, penye ndiva, lile bwawa la maji ya mashamba, na Chini, mfereji unakoishia. Mwaka mmoja watu wa Juu waliziba ndiva, wakasema maji hayatoshi. Wa Chini wakapanda na majembe wakaibomoa, maji yakamwagikia korongoni, yakawa si ya huyu wala si ya yule. Wazee wakakataza kusalimiana. Hata vijana waliokuwa wakichunga mbuzi pamoja wakaambiwa kila mmoja achunge kwao.

Kisha ikaja mvua, hii mvua ya kwetu inayokaa kama mgeni asiye na kwao, siku tisa bila jua. Maji yalishuka mlimani yakaingia nyumba za Chini, moto wa kila nyumba ukazimika. Wote. Na katika nyumba moja alikuwamo Nakiete, msichana tu, umri wangu nadhani, ana mtoto wa siku nne. Alimfunga kifuani, alimpumulia miguuni, akamfunika ngozi zote zilizokuwepo. Mtoto akalia, akalia. Nakiete hakujua la kufanya, nani anajua lolote siku ya nne? Aliogopa tu. Na baba mkwe wake, mzee Kajiru, amekaa mlangoni na fimbo, anasema afadhali watu wale magimbi mabichi, koo ziwawashe, kuliko kuomba moto Juu.

Kilio kile kilipanda na upepo. Huko Juu alikisikia Namkunda, binti aliyekuwa akikata majani ya mbuzi. Kilio hakikumtisha, alishalea wadogo zake wanne. Kilichomtisha ni kwamba adhuhuri kilinyamaza.

Akaingia jikoni kwao, akachomoa kijinga kimoja cha moto, akashuka mbio amekifunika kwa jani la mgomba. Hakufika nusu ya njia. Ukuni ulio peke yake hauna wa kuuchochea. Ulitoa moshi, ukafa. Namkunda alikaa matopeni akalia, halafu, na hapa ndipo ninapompenda, akaacha kulia, akapanda tena, akawaita wenziwe wanne.

"Kila mtu alete kijinga cha kwao."

"Unataka kuchanganya moto?" akauliza Mbonea, kijana wa nyumba ya jirani. "Tukiungua je?"

"Tukiungua, angalau tutakuwa tumeota moto."

Wakashuka watano, vichwa vya vijinga vimekutanishwa, kimoja kikififia vingine vinakiwasha, wanapuliza na kutukanana njia nzima. Mbonea aliungua vidole, asikiachie chake.

Mlangoni mzee Kajiru akainua fimbo. "Nani kawafundisha mambo ya kijinga haya?"

"Ni ya kijinga kweli, babu," Namkunda akajibu, anahema. "Kimoja kilizimika, ndiyo maana tumeleta vitano."

Mtu akacheka huko ndani. Mzee hakucheka. "Moto wa Juu hauingii humu."

Ndipo Nakiete akatoka. Mkwe hasogelewi hivihivi, heshima ilikuwepo, lakini alimwekea mzee mtoto mikononi mpaka fimbo ikaanguka.

"Baba," alisema, "basi mpashe moto wewe."

Mzee akaishika ile miguu. Ilikuwa ya baridi kama kokoto za mtoni. Kisha akasogea kando, akamwinamia mtoto asinyeshewe, na vijana wakapita.

Baadaye mtoto alilia tena, kwa hasira, anataka kunyonya, na hakuna aliyewahi kufurahia kelele namna ile. Chini nzima ilichukua moto katika mafiga ya nyumba ile, na hakuna paa lililoungua. Wazee wa Juu waliposhuka kudai moto wao, Kajiru aliwaonyesha jiko, akawaambia, "Chukueni ulio wenu." Wakautazama. Nani angejua ulimi upi ni wa nyumba ipi? Jua lilipotoka, vijana wa pande zote mbili ndio walioijenga upya ndiva, na ndio waliogawa zamu za maji.

Na tangu mvua ile, kwetu mtoto akifikisha siku nne, vijana wa upande wa pili humletea vijinga vilivyokutanishwa vichwa. Mzee wa nyumba humpakata mtoto nje, akauliza, "Mambo gani haya?" nao hujibu, "Ya kijinga!" Na aliyemletea mwanao moto humwinulii fimbo maisha yako yote.

Leo ni siku yako ya nne. Gesi ipo, mtungi umejaa, moto si shida. Ila ndiva imezibwa tena tangu Januari, watu wanapishana njiani kimya, jana walikunjana mashati sokoni, na baba yako asubuhi alikuwa ananoa panga, nikimuuliza la nini ananiambia migomba. Nimesikiliza tangu kulipokucha. Babu yako yuko pale nje anajifanya anatengeneza kiti.

Ngoja. Nyamaza kidogo, mama. Unasikia huko njiani?

"Changu kinazimika!"

"Si upulize, wewe! Hebu kisogeze kwangu."

Babu yako ameshasimama. Ananyoosha mikono. Twende.