Msumeno wa Shemboko

"Maradhi hayana miguu, huazima ya mganga." Mmemsikia muuguzi akiisema leo alipokuwa akinawa mikono, nanyi mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, katika mtaa huu huu wa Tanga.

Mtaa ulikuwa na mijakaranda ishirini na miwili, yote imepandwa na Shemboko, mtunza bustani wa mji, katika nyua zetu. Mwaka mmoja, mti wa kwanza ukaanza kukauka kutoka kileleni. Gome likapasuka, utomvu mweusi ukachuruzika. Ilikuwa kuvu, ila wakati ule hatukujua. Shemboko akakata matawi makavu, kisha, kwa tahadhari, akapogoa na miti ya jirani. Baada ya mvua nayo ikakauka.

Akazidi kukata. Kila asubuhi alianza na mti ulio hoi, maana ndio uliomtia uchungu, ndipo akaendea mizima. Kufikia masika ya pili, tisa ilikuwa kuni. Wapo waliosema ni moshi wa magari, wapo waliosema ni husuda. Shemboko alikonda.

Siku moja alifika kwa Bi Mwanahawa, mshonaji. Mjakaranda wake ulisimama kati ya miwili iliyokufa, nao umechanua. Bi Mwanahawa hakuwahi kuruhusu ukatwe, kwa kuwa alishonea kivulini mwake.

"Dada, huu umeuwekea nini?" Shemboko aliuliza.

"Sijauwekea kitu, kaka. Hata mimi najiuliza. Udongo ni ule ule, moshi ni ule ule. Kitu kimoja tu hakijaugusa."

"Kipi?"

Bi Mwanahawa aliutazama msumeno begani mwa Shemboko. "Asubuhi hii umetoka kukata mti upi?"

Shemboko akaushusha. Utomvu mweusi ulikuwa umegandia kwenye meno. Akaketi chini.

"Basi ni mimi," alisema. "Ugonjwa nimeupeleka mwenyewe, mti hadi mti."

"Ulikuwa unatibu."

"Ndiyo maana mlinifungulia mageti."

Tangu hapo alianza na mizima, akamalizia na migonjwa, na kila alipohama mti alisugua msumeno kwa spiriti. Miwili zaidi ilikufa, kwani ilikwisha kuambukizwa. Kumi na mmoja ikabaki. Kisha Shemboko akapita nyumba kwa nyumba kueleza kosa lake. Wengi walimuuliza swali moja: ugonjwa ulivukaje barabara, na miti haitembei? Naye hakulikwepa.

"Maradhi hayana miguu," aliwajibu, "huazima ya mganga."