Mgeni wa Kundi la Saba

Meli iliyoingia Skala asubuhi ile ilikuwa kubwa hata kuku wa mji mzima wakarudi vitunduni kulala saa tatu asubuhi, wakidhani jua limekuchwa. Jogoo wa padri, ambaye hajapata kushindwa na kitu, aliwika mara moja, akatazama juu, akaona ghorofa kumi na tatu za chuma zimeziba anga, akaufyata. Meli hiyo haikuwa na miadi na kisiwa chetu cha Lithari, huku Ugiriki. Ilikuwa iende kisiwa jirani chenye gati refu na maduka ya dhahabu, lakini upepo wa kaskazini uliichafua bahari ya huko, nahodha akageuza usukani na kutia nanga mbele ya Skala, mji wenye gati fupi, mikahawa miwili na paka wasiohesabika.

Mji ulijipanga upesi, maana siku ya meli haipigi hodi. Mabaraza yakamwagiwa maji. Wavuvi waliokwisha kukunja nyavu wakazitandaza upya, kwa kuwa wageni hupenda kupiga picha ya mtu anayeshona wavu. Yuko mzee mmoja ambaye ameushona wavu uleule kwa miaka mingi na wavu wenyewe haujawahi kuonja maji.

Abiria walishushwa kwa mashua, makundi kwa makundi, kila mmoja na kadi shingoni, na kila kundi nyuma ya kiongozi aliyeinua kibao chenye namba. Katika kundi la saba alikuwamo bwana mmoja mwenye kofia pana na miwani myeusi, aliyejibana nyuma ya mkewe kama mwizi nyuma ya mlango. Melini walimwita Paolo Vitali, Mtaliano wa Trieste, mkazi wa Vienna. Jina hilo na utaifa huo alijivika mwenyewe. Mama aliyemzaa alimwita Pantelis, na alimzalia papo hapo Skala, katika nyumba iliyo juu ya kisima.

Aliondoka kijana, akatumika kama mhudumu wa meza kwenye meli za Kitaliano, hatimaye akatua Vienna na kumpenda Margit, binti wa muuza piano. Siku alipokaribishwa chai, mkwe mtarajiwa alimuuliza, "Wazazi wako ni watu gani?" Pantelis aliyatazama mazulia, akavitazama vijiko vya fedha, akamkumbuka mama yake mjane anayechimba mizizi na kuchuma majani ya kula majabalini, mwenye mikono migumu kama gome la mti. Ulimi ukateleza. Akasema wazazi wake walikuwa madaktari wa Trieste, na wote wawili walikwisha kufariki. Uongo ni kama mbuzi mlangoni: ukimruhusu aingize kichwa, kiwiliwili chake kitafuata na mkia juu. Tangu siku hiyo hakutuma kwao hata salamu.

Angeweza kusingizia tumbo na kubaki melini. Lakini tangu nahodha alipolitaja jina la Lithari, jambo moja tu lilimkaa rohoni: amwone mama yake, japo kwa mbali, japo mgongo tu, kabla meli haijaondoka saa kumi na moja jioni, na Margit asijue kitu.

Hakupiga hatua ishirini. Pale gatini pana kikanisa cha Mtakatifu Nikolaos, na hakuna mzaliwa wa Lithari apitaye hapo bila kujifanyia ishara ya msalaba. Mkono wa Pantelis ulipanda wenyewe hadi kwenye paji la uso. Alipoushtukia, akajifanya anafukuza nzi.

Mwenye mkahawa, Zisis, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa begani. Aliwahi kukaa dawati moja na Pantelis, na jino lake moja la mbele Pantelis ndiye aliyeling'oa kwa jiwe.

"Yule aliyefukuza nzi asiyekuwepo," alimwambia mkewe bila kugeuza shingo, "ni Pantelis wa Marigo."

"Acha kichaa chako."

"Kichaa? Mtazame anavyotembea. Anakanyaga kama baba yake, utadhani kila jiwe linamdai."

Habari ya Skala haitembei kwa miguu. Hurukia dirisha hadi dirisha. Kundi la saba lilipofika uwanjani, habari ilikwisha kumpita Pantelis, ikapanda ngazi zote za mji, ikamkuta mama yake akipepeta dengu.

Bibi Marigo aliweka ungo chini. "Amekonda?"

"Amenenepa," alijibu jirani aliyening'inia dirishani.

"Basi ana mke mwema. Na kwa nini hajaja?"

"Amekuja kama mgeni, Bibi. Anajifanya hajui mtu."

Marigo alifikiri kidogo. "Basi mtu asimguse. Mgeni hupewa ugeni wake wote."

Neno hilo lilishuka uwanjani kama amri ya mfalme, na Zisis aliitekeleza kwa furaha ya mwenye jino lililong'oka. Alililaki kundi la saba, akapanga viti, kisha akasimama kando ya Pantelis na kupaza sauti kwa Kigiriki, kana kwamba anazungumza na mvuvi wa meza ya pili.

"Hebu nitazamie huyu mwenye kofia. Masikio kama haya niliyaona mara ya mwisho kwa punda wa padri."

"Usimtukane punda," mvuvi alijibu. "Yule punda kila jioni alirudi kwao."

Mkahawa mzima uliangua kicheko. Pantelis alitabasamu, kwa maana mgeni asiyejua lugha hana jibu lingine.

"Wanasema nini?" Margit aliuliza.

"Sijui, mpenzi. Lugha yao ni ngumu."

Zisis, aliyewahi kuosha vyombo Ujerumani, akamwuliza kwa Kijerumani cha kuokoteza kama angependa kahawa nyingine. Pantelis aliinua kidevu na kupiga ulimi, *ts*. Hiyo ndiyo "hapana" ya Lithari, na haifundishwi shule yoyote ya Trieste.

"Mbona unafanya kama kuku anayekunywa maji?" alisema Margit.

"Shingo inaniuma."

Basi ndivyo siku ilivyokwenda. Kiongozi wao, binti wa Athens aliyeajiriwa na wenye meli, aliinua kibao na kundi likasimama, akakishusha, likatembea. Pantelis, aliyekwisha kuiba tini katika kila ua wa mji ule, alipanga foleni kwenye kisima alichochimba babu yake, akangoja zamu yake nyuma ya watu wa Salzburg. Alitaka kwenda haja, akaomba ruhusa. Alipomwona kiongozi ametulia, alijongea na kumnong'oneza kwamba angependa kupanda peke yake kichochoro kile cha juu, dakika chache tu, aone mandhari.

"Haiwezekani, bwana," alijibu binti yule kwa upole. "Vichochoro vya hapa vinazunguka sana. Utapotea."

Pantelis alirudi kwenye mstari. Kichochoro chenyewe kiliishia kwenye mlango wa mama yake.

Jua lilianza kuinamia magharibi. Kwa vile kituo hiki hakikuwa katika ratiba, kiongozi aliishiwa na vitu vya kuonyesha. Akamwendea Zisis. "Ndugu yangu, hakuna nyumba ya kale hapa ambayo mwenyewe anapokea wageni?"

"Ipo moja," alisema Zisis, na sura yake ilikuwa takatifu kama ya shemasi. "Nyoosha kichochoro hiki mpaka mwisho. Mwenyewe ni kikongwe, lakini mkarimu. Anaishi peke yake, maskini. Alikuwa na mtoto."

Kibao namba saba kilipanda ngazi. Kila ngazi Pantelis aliijua kwa goti alilochubukia hapo. Nyuma yao mji mzima ulipanda pia, polepole, kila mtu na kisingizio chake: huyu kaja kuazima chumvi, yule anamtafuta paka.

Bibi Marigo alisimama kizingitini, mdogo kama uzi mweusi, sinia mkononi. Juu ya sinia palikuwa na glasi za maji na bakuli la maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, kijiko kimoja kwa kila mgeni. Aliwaingiza wote. Pantelis aliingia wa mwisho na kusimama gizani karibu na mlango. Alikuwa amepata alichokitaka: alimwona mama yake. Alipaswa sasa kuridhika na kuondoka. Badala yake hakubanduka.

Hapa kwetu mgeni haulizwi anatoka wapi. Huulizwa ni wa nani. Marigo alipita na sinia, akiuliza mmoja mmoja, na kiongozi akitafsiri. Margit alisema yeye ni wa Josef, muuza piano. "Josef amezaa vizuri," alisema Marigo, akamwongezea ganda la pili.

Kisha akafika mlangoni.

"Na wewe, mgeni? Wewe ni wa nani?"

Dirishani vichwa vilisongamana kama zabibu kwenye kichala. Pantelis alimtazama Margit, akatazama sakafu. Akajibu kwa Kijerumani, na kiongozi akatafsiri bila kujua anachokibeba: "Anasema hana mtu, Bibi. Baba na mama yake walikwisha kufariki."

Marigo hakupepesa macho.

"Mpe pole," alisema. "Na umwambie hivi: sisi mtu akimkumbuka marehemu wake, tunampa kitu kitamu, naye kabla ya kula husema, 'Mungu amrehemu.' Ale kijiko hiki kwa ajili ya mama yake. Aseme kwa lugha yoyote. Mungu anazijua zote."

Kiongozi akatafsiri. Margit, kwa wema wake, alimgusa mumewe kiwiko. "Sema, Paolo. Ni desturi nzuri."

Sasa, neno hilo halisemwi Lithari kwa mtu aliye hai, hata kwa mzaha. Ni kumchimbia kaburi kwa kijiko. Wapo waliolisema kwa hasira, na jirani wakakaa matanga kabla ya mwezi kuandama; ndivyo tunavyoamini, na hakuna anayetaka kuhakikisha. Marigo aliinua kijiko hadi usawa wa mdomo wa mwanawe. Mkono wake haukutikisika. Kilichotikisika kilikuwa kidevu cha Pantelis.

"Siwezi," alisema.

Alilisema kwa Kigiriki, tena Kigiriki cha Lithari chenyewe, kinachokokota maneno kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi. "Siwezi, mama. Nisije nikakuua kwa mdomo wangu."

"Uliniua siku nyingi huko ulikokuwa," alisema Marigo. "Leo umekataa kunizika. Si haba."

"Kumbe ana ulimi," alisema Zisis dirishani.

"Wewe nyamaza, kibogoyo," Marigo alimjibu, na ndipo sinia likaanza kulia glasi kwa glasi, mpaka kiongozi akalipokea.

Margit hakuhitaji mkalimani kulielewa neno "mama". Neno hilo linafanana kila mahali. "Hicho si Kitaliano," alisema. Pantelis alivua miwani, akamweleza yote mbele ya watu, bila kujipunguzia hata chembe: Trieste, madaktari, mikono ya gome la mti aliyoionea haya. Alipomaliza, mkewe aliketi kwenye benchi.

"Kila mwaka, siku ya marehemu," alisema taratibu, "nimemwashia huyu mama mshumaa. Nikamlilia. Kumbe yuko hapa anapika machungwa."

Kiongozi alitafsiri, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Marigo alifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Mwambie mishumaa yake haikupotea. Nimefika miaka themanini na moja bila kukohoa. Asiache kuwasha."

Margit alijikaza asicheke, akashindwa.

Ndipo honi ya meli ilipolia, ndefu, ikatikisa vikombe rafuni. Kiongozi aliinua kibao kwa mazoea. "Kundi la saba, tunashuka. Meli haimsubiri mtu."

Watu wa Salzburg walitoka. Pantelis alimtazama mkewe. Kama Margit angeshuka peke yake, alijua, asingekuwa na uso wa kumfuata wala wa kumzuia. Margit alisimama, akakunjua sketi yake, akamwendea kiongozi.

"Mwambie nahodha kwamba Paolo Vitali wa Trieste amefariki leo," alisema. "Nitamwashia mshumaa. Huyu mwanamume mwingine simjui bado. Nabaki hapa nimtazame vizuri, nione kama anafaa."

Meli iliondoka bila wao. Walilala kwenye chumba cha juu, na asubuhi Bibi Marigo hakumwandalia mwanawe kahawa kitandani. Alimkabidhi ndoo ya chokaa na brashi, akamwonyesha paa lililongoja kupakwa miaka yote aliyokuwa marehemu. Margit alikaa uani akijifunza kupepeta dengu, akimwaga nusu, na mkwewe akimpigia makofi kwa nusu iliyobaki.

Zisis alipita chini, akainua macho.

"Pantelis, jana tulikuwekea kiti kivulini. Leo unachomwa na jua kama punda. Huoni umeshushwa cheo?"

Pantelis, chokaa hadi kwenye nyusi, aliinua kidevu na kupiga ulimi, *ts*, na safari hii hakusingizia shingo. "Njoo ushike ngazi," alisema, "kabla sijakung'oa la pili."

Zisis akashika ngazi. Na wote waliokuwa kichochoroni walikubaliana kwamba hawajapata kumwona mtu anayetumwa na kikongwe tangu alfajiri akiwa huru namna ile. Kwa maana minyororo ya Pantelis ilikuwa jina alilojipachika na nyumba aliyoikana, na haidhuru mtu avae kofia nzuri kiasi gani: mkataa kwao ni mtumwa.